Kumwacha Mwajiri Ilhali Ombi la Ukaazi Lingali Mezani

Aghalabu mtu aliyekwenda Marekani kwa ajira, akaishi huko miaka kadhaa kwa viza ya H-1B huku akiitazamia kadi ya kijani, hudhani kwamba ombi linalongojewa ni lake. Kumbe katika sharia ya uhamiaji ya nchi ile mwenye ombi, kwa sehemu kubwa ya safari, ni mwajiri, naye mfanyakazi ni mnufaika tu anayetajwa ndani yake. Mwajiri ndiye aiombaye Idara ya Kazi cheti cha kuthibitisha kwamba hakupatikana Mmarekani mwenye sifa aliye tayari kuishika kazi ile. Mwajiri ndiye apelekaye fomu I-140 kwa idara ya uhamiaji. Na ni katika hatua ya tatu tu, ile ya fomu I-485 ya kubadili hadhi, ndipo mfanyakazi atiapo saini kama mwombaji. Basi anayeuliza kama aweza kumwacha mwajiri wake hana budi kwanza kujua amefika hatua ipi.

Lau hatua hizo zingalikwisha kwa mwaka mmoja, kadhia hii isingalihitaji makala. Lakini viza za ukaazi zitokanazo na ajira ni takriban 140,000 kwa mwaka wa fedha, uanzao tarehe 1 Oktoba, na ndani ya idadi hiyo wamo pia wake, waume na watoto wa waombaji. Aidha wazaliwa wa nchi moja kwa kawaida hawaruhusiwi kupita asilimia 7 ya jumla, jambo liwafanyalo wazaliwa wa Uhindi kungoja miaka mingi mno, wengine zaidi ya muongo mzima, ilhali mzaliwa wa Kenya au Tanzania hufikiwa na zamu yake mapema zaidi. Na kinachotazamwa ni mahali pa kuzaliwa, wala si pasipoti: mtu wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mombasa au Unguja huhesabiwa katika fungu la nchi alikozaliwa, na mwombaji aliyezaliwa Gujarat, akiwa mkewe ni mzaliwa wa Mombasa na wanahamia pamoja, aweza kuombewa katika fungu la mkewe. Ni faida inayostahili kujulikana kuliko inavyojulikana.

Tarehe 17 Oktoba 2000 Rais Bill Clinton alitia saini sharia ambayo mawakili huiita AC21 kwa ufupi, na ndani yake kimo kifungu ambacho, kwa rai yangu, ni ungamo la serikali kwamba si insafu kumfunga mtu kwa bwana mmoja kwa taksiri ya foleni isiyokuwa yake. Kifungu hicho chasema kwamba fomu I-485 ikikaa siku 180 au zaidi bila kuamuliwa, ombi la mwajiri wa kwanza hubaki na nguvu zake hata mfanyakazi akihamia kwa mwajiri mwingine, maadamu kazi mpya ni ileile au ya namna ileile. Hesabu huanzia tarehe ya kupokewa iliyochapwa katika hati ya stakabadhi, si siku bahasha ilipotiwa posta, na Jumapili na sikukuu zote zimo. Hivyo ucheleweshaji uleule unaomtesa mwombaji ndio umpao uhuru wake, kwani anayejibiwa upesi hana siku 180 za kujivunia.

Waliolionja jambo hili kwa wingi ni wale wa mwaka 2007. Jarida la viza la mwezi wa Julai, ambalo Wizara ya Mambo ya Nje hulitoa kila mwezi kueleza zamu zimefika wapi, lilitangaza kwamba karibu makundi yote ya ajira yako wazi. Watu wakakimbia kupimwa afya na kukusanya vyeti vya kuzaliwa, kisha tarehe 2 Julai wakaambiwa kwamba viza zimekwisha. Wengi walimpelekea maua mkuu wa idara ya uhamiaji, kwa kuiga upole wa Gandhi, naye akaagiza yapelekwe kwa askari majeruhi hospitalini. Tarehe 17 Julai idara ikageuza uamuzi, ikapokea maombi hadi tarehe 17 Agosti. Wengi wa waliopeleka fomu zao katika mwezi ule walingoja miaka, lakini walingoja wakiwa na idhini ya kufanya kazi, na baada ya nusu mwaka, wakiwa na hiari ya kuhama.

Tuje sasa kwenye maneno yazuayo mabishano, yaani kazi ya namna ileile. Afisa hapimi cheo kilichoandikwa mlangoni. Hutazama majukumu, ujuzi unaohitajiwa, elimu, mshahara, na nambari ya tarakimu sita ambayo serikali huipa kila kazi katika orodha yake: mhasibu, mathalan, ni 13-2011, na muuguzi aliyesajiliwa ni 29-1141. Mhasibu akitoka kiwandani akaenda benki kufanya uhasibu uleule, hakuna shaka juu yake. Akipandishwa awe msimamizi wa wahasibu wenzake, nambari hubadilika, walakini akionyesha kwamba huko ni kupanda kwa kawaida katika fani yake, na kwamba anaowasimamia hufanya kazi aliyokuwa akiifanya yeye, hoja yake yaweza kukubaliwa. Lakini mhasibu huyo akifungua mkahawa na kusema kwamba hata mkahawa una hesabu, atajibiwa kwamba kupika si kuhesabu. Si kwamba kujiajiri kumekatazwa. Kwaweza kukubaliwa, almuradi kazi yenyewe iwe ni uhasibu na iwe ya kweli. Haya yote huandikwa katika nyongeza iitwayo Supplement J, ambayo mwajiri mpya hueleza humo kazi na ujira na kutia saini. Na anayehama bila kuipeleka huliacha faili lake likisema jambo ambalo si kweli tena.

Je, mwajiri wa kwanza aliyekasirika akiliondoa ombi lake? Kwa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 17 Januari 2017, fomu I-140 iliyokwisha kukubaliwa kwa siku 180 haibatiliki kwa mwajiri kuiondoa, wala kwa biashara yake kufungwa. Hata ikiondolewa mapema, tarehe ya zamu, yaani ile ionyeshayo nafasi yake katika foleni, kwa kawaida hubaki kuwa mali ya mfanyakazi, illa pakiwa na udanganyifu au kosa kubwa katika msingi wake.

Watu huchanganya haya na uhamaji wa H-1B, ambao ni mlango mwingine kabisa. Mwenye viza hiyo aweza kuanza kazi kwa mwajiri mpya mara ombi la mwajiri huyo lipokewapo, bila kungoja jibu, na akiachishwa kazi hupewa muda usiozidi siku 60 wa kutafuta njia. Lakini kama hajaifikia fomu I-485, hatua mbili za mwanzo zitaanza upya kwa mwajiri mpya, isipokuwa tarehe ya zamu, ambayo ataichukua pamoja naye ikiwa fomu I-140 ya kwanza ilikwisha kukubaliwa.

Na wako ambao AC21 haiwahusu katika jambo hili hata chembe, nao kwetu ni wengi: wauguzi wa Kenya na Tanzania walioombewa na hospitali au wakala wa Marekani, wakiwa bado wapo nyumbani wakingoja usaili ubalozini Nairobi au Dar es Salaam. Kwa kuwa hawako ndani ya Marekani hawana fomu I-485, na asiyekuwa nayo hana siku 180 za kuhesabu, hata angojee miaka mitatu. Muuguzi wa namna hii akitaka mwajiri mwingine, yampasa mwajiri huyo apeleke fomu I-140 mpya. Nafuu yake ni kwamba wauguzi wamesamehewa kile cheti cha Idara ya Kazi, hivyo hatua ya kwanza ni nyepesi, na tarehe ya zamu ya ombi la kwanza lililokubaliwa hutumika katika la pili. Kabla ya kuandika barua ya kujitoa, na ausome mkataba aliotia saini, hasa kifungu cha fidia ambacho baadhi ya mawakala hukiweka kurasa za nyuma, kwa maana sharia ya uhamiaji imruhusupo kuondoka haimfutii deni alilolikubali kwa mkono wake.