Ukungu wa Taita na Vumbi la Voi

Karani akaaye Voi, atazamapo magharibi asubuhi ya mwezi wa Julai, mara nyingi huona vilele vya Taita vimefunikwa na ukungu mzito, hali huku kwake vumbi latimka. Upepo ni ule ule mmoja. Mbona kule ni unyevu na huku ni ukavu?

Upepo huo ni kusi, utokao Bahari ya Hindi. Hewa iliyo karibu na maji huchukua mvuke mwingi, lakini mvuke haugeuki maji mpaka hewa ipoe. Katika nyika ya Taru hakuna milima ya kuipandisha hewa hiyo ikapoa, basi upepo hupita na mzigo wake.

Voi iko kadiri ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Vuria chafika mita 2,208. Upepo ukifika hapo hauna budi kupanda. Kwa kila mita 100 hupoa kadiri ya digrii 1, hata mvuke ukageuka matone. Ukiisha kuvuka kilele hushuka, hupata joto tena, na mawingu hutoweka. Ndiyo sababu miteremko ya kusini-mashariki ina unyevu kuliko ile ya kaskazini-magharibi.

Tena, katika miezi ya kusi hewa ya juu zaidi huwa kavu na yenye joto, nayo huyazuia mawingu kama kifuniko cha chungu. Basi kipatikanacho ni ukungu na manyunyu, si mvua kubwa.

Hapo ndipo msitu ufanyapo kazi yake. Matone ya ukungu ni madogo mno, hayaanguki yenyewe. Lakini yakipita kati ya majani hunaswa, hukusanyika, hudondoka. Asimamaye chini ya mti mkubwa hulowa mabega ingawa mvua hainyeshi. Mahali palipofyekwa, ukungu hupita bure.

Sehemu kubwa ya misitu ya asili ya Taita imekwisha kukatwa. Ngangao, mmojawapo wa ile mikubwa iliyobaki, ni kadiri ya hekta 120 tu. Na mto wa Voi chanzo chake ni milima hiyo hiyo. Basi mkulima wa mlimani aachaye miti ya asili vileleni na kandokando ya chemchemi hajiwekei akiba peke yake, bali amwekea pia jirani yake aliyeko bondeni.