Pakiti ya Unga na Msingi wa Ghorofa

Jaza beseni mchanga mkavu, uusawazishe kwa kiganja bila kuushindilia. Usitumie mchanga wenye unyevunyevu, kwani maji machache hushikamanisha chembe na kukudanganya. Panga vifuniko vinne vya plastiki vya chupa za soda, ulaze juu yake kibao cha sentimita 10 kwa 10, kila kifuniko kikikaa kwenye pembe yake, kisha weka pakiti ya unga ya kilo 2. Vifuniko vitazama. Viondoe, sawazisha tena, laza kibao peke yake na urudishe pakiti ileile. Mara hii alama itakuwa hafifu.

Unga ni uleule; kilichobadilika ni eneo. Kifuniko chenye upana wa sentimita 3 hukalia takriban sentimita 7 za mraba, hivyo vinne hukalia 28, na kila sentimita ya mraba hubeba gramu 70 hivi. Chini ya kibao hubeba gramu 20. Huu mgawo wa kani kwa eneo ndio kanieneo. Ukizidi, chembe husukumana pembeni na mzigo huzama, hadi ufike kina ambacho mchanga ulioubana pande zote unaweza kuustahimili.

Rudia kwa udongo mweusi, ule unaonata viatuni mvua ikinyesha mtaani Dandora, Nairobi. Ukiwa mkavu hubeba vifuniko vizuri. Uloweshe chapachapa, nao utavimeza, ingawa pakiti haijaongezeka hata gramu. Ndiyo maana mafundi makini huuchimbua wote hadi wafikie mwamba au ardhi ngumu.

Dandora ilianza katika miaka ya 1970 kama mradi wa viwanja uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja takriban 6,000. Familia ilipewa ploti yenye choo na bafu, ikajijengea vyumba vyake. Leo ploti nyingi za aina hiyo zimebeba ghorofa. Palipojengwa upya tangu chini kwa hesabu ya mhandisi, sina neno. Panaponitia hofu ni pale ghorofa inapoongezwa juu ya msingi wa zamani: kuta zinapanda, uzito unaongezeka, lakini upana wa msingi chini ya udongo haujaongezeka hata kidogo.

Katika mtaa wa Huruma, usio mbali na Dandora, usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la makazi lililokuwa kando ya mto liliporomoka kwenye mvua kubwa, likaua zaidi ya watu 50. Majengo huanguka kwa sababu nyingi, zikiwemo zege hafifu na vyuma vyembamba, lakini msingi una ubaya wa pekee: ukishafukiwa, mpangaji hawezi kuukagua.

Hesabu ya upana wa msingi yenyewe si ngumu. Nguzo iliyokalia kitako cha mita 1 kwa 1, mzigo wake ukiongezeka mara mbili kwenye ardhi ileile, inahitaji kitako cha takriban mita 1.4 kwa 1.4, kinene zaidi na chenye vyuma vya kutosha ili kisipasuke kabla ya kuusambaza uzito huo.