Kubana kwa Njia za Hewa: Nafasi ya Inhela na Nafasi ya Mitishamba

Kubana kwa njia za hewa ni hali ambayo misuli laini iliyoizunguka mirija midogo ya mapafu hujikaza, mirija ikasinyaa, na mgonjwa akasumbuliwa na kifua kizito, kikohozi kikavu cha usiku na mlio wa filimbi anapotoa pumzi. Chanzo chake kikubwa ni pumu, maradhi ya muda mrefu ambayo ndani yake kuta za mirija huwa na uvimbe usiokwisha hata katika siku ambazo mgonjwa hujiona mzima kabisa. Mirija iliyovimba hivyo inapokutana na kichochezi, yaani kitu kinachoamsha shambulio, kama vile moshi wa kuni, udi na ubani, vumbi lenye utitiri, kinyesi cha mende au mafua ya kawaida, seli za kinga humwaga kemikali kama histamini, misuli hukaza, utando wa ndani hutuna zaidi, na ute mzito huziba nafasi ndogo iliyosalia. Kwa kanuni za fizikia, mrija uliopungua upana kwa nusu huweza kuikinza hewa mara 16 ya ilivyokuwa awali, na ndiyo sababu mtu aliyekuwa akizungumza vizuri asubuhi huweza kuzidiwa kabla ya adhuhuri.

Dawa za hospitali hufuata sehemu mbili za tatizo hilo, yaani kukaza kwa misuli na uvimbe. Salbutamoli, ambayo wengi huijua kwa inhela yake, yaani kopo la kuvutia dawa, yenye rangi ya buluu, hulegeza misuli ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu kwa saa 4 hadi 6, lakini haiugusi uvimbe. Uvimbe hutulizwa na steroidi za kuvuta, kama beklometasoni na budesonidi, zinazotumiwa kila siku hata pasipo dalili. Mgonjwa anayetegemea salbutamoli peke yake hupata nafuu ya kila mara huku ugonjwa wenyewe ukiendelea chini kwa chini, na ni kwa sababu hiyo GINA, mpango wa kimataifa unaotoa mwongozo wa tiba ya pumu, uliacha mwaka 2019 kupendekeza dawa hiyo itumike pekee kwa watu wazima na vijana. Imani iliyoenea kwamba inhela humzoesha mtu, au kwamba ni dawa ya waliokwisha kushindikana, haina msingi na imewagharimu wengi pumzi zao, kwani dozi ya kuvuta hupimwa kwa mikrogramu na hufika moja kwa moja mapafuni, na madhara ya kawaida ya steroidi za kuvuta, yaani utando mweupe mdomoni, hupunguzwa kwa kusukutua baada ya kila matumizi.

Dawa nyingi hupotea kooni kwa sababu ya kuvutwa vibaya, hasa kwa watoto. Chombo cha kati, yaani chemba inayoishika dawa kabla haijavutwa, huondoa tatizo hilo, na pale ambapo bei yake ni kubwa, chupa safi ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu linalobana mdomo wa inhela bila kuvujisha hewa, hufaa. Utafiti wa Heather Zar na wenzake nchini Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kuwa chupa ya namna hiyo ilifanya kazi sawa na chemba ya kiwandani.

Kuhusu mitishamba, ni haki kukiri kwamba baadhi ya dawa za kisasa zina asili yake humo. Teofilini, inayotanua mirija, iligunduliwa katika majani ya chai mwaka 1888, na ipratropiumu, inayotanua mirija vilevile, ilitokana na atropini, kemikali iliyomo katika mnanaha, mmea ambao zamani majani yake yalivutwa kama tumbaku kutuliza pumu. Hata hivyo mnanaha ni sumu, kiasi cha kemikali hutofautiana mmea kwa mmea, na mtu huweza kuweweseka au kufa kwa kipimo ambacho jirani yake alikistahimili. Tangawizi na habasoda hazina hatari ya namna hiyo zikitumiwa kwa kiasi cha chakula, na chai ya moto huliwaza koo, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuchukua nafasi ya steroidi ya kuvuta. Asali haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Kujifukiza kwa maji yanayochemka hakutanui mirija, na watoto wameungua kwa sababu yake. Mazoezi ya kupumua taratibu kwa pua ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi katika tiba za asili, kwa maana hupunguza dalili, ingawa hayaondoi uvimbe.

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, aliyebadilika rangi ya midomo, anayesinzia, au ambaye mlio wa kifua umenyamaza ilhali bado anahangaika kupumua, apewe salbutamoli kwa chemba, mvuto mmoja baada ya mwingine, huku akipelekwa hospitali bila kusubiri kikombe chochote cha dawa kichemke.