Vitabu Vipya vya Maarifa na Njia ya Kuvipata Katika Maktaba za Umma

Katika miaka ya karibuni vimetoka vitabu kadhaa vya maarifa, yaani visivyokuwa vya hadithi za kubuni, vinavyoeleza historia ya nchi na maisha ya viongozi wake. Vitabu hivyo vinatajwa sana, lakini waliovisoma ni wachache kuliko waliovisikia. Sababu moja ni bei. Sababu ya pili, ambayo dawa yake ni nyepesi zaidi, ni kuwa watu wengi hawaijui huduma wanayostahiki kupewa katika maktaba ya umma. Yafuatayo ni maelezo ya vitabu vinne na ya njia ya kuvifikia, hususan kwa mtumishi au mkaazi aliye mbali na miji mikuu.

Na uchukuliwe mfano wa Chapwa, kata iliyomo katika Mji wa Tunduma, Mkoa wa Songwe, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Kwa kuwa uhamiaji ni jambo la Muungano, mtumishi mzaliwa wa Unguja au Pemba naye aweza kupangiwa kazi katika mpaka huo. Basi mtu wa huko asome nini, na akipate wapi?

Kitabu cha kwanza ni "Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu", kilichoandikwa na Alhaji Ali Hassan Mwinyi na kuzinduliwa tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Marehemu Mzee Mwinyi, aliyefariki tarehe 29 Februari 2024, alikuwa Rais wa Zanzibar kuanzia 1984 hadi 1985, na Rais wa Jamhuri ya Muungano kuanzia 1985 hadi 1995. Kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiswahili, na kwa hiyo kila ajuaye kusoma aweza kukidurusu bila ya mkalimani.

Cha pili ni "My Life, My Purpose" cha marehemu Rais Benjamin William Mkapa, kilichotoka mwaka 2019, miezi michache kabla ya kufariki kwake mwezi wa Julai 2020. Cha tatu ni "Development as Rebellion", wasifu wa Mwalimu Julius Nyerere uliotolewa mwaka 2020 katika majalada matatu. Waandishi wake ni Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata.

Cha nne si kipya kama hivyo vitatu, lakini kwa mtu wa Chapwa ndicho kinachomgusa zaidi. Nacho ni "Africa's Freedom Railway" cha Jamie Monson, kilichotoka mwaka 2009. Kinahusu reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na ambayo hupita Tunduma. Mwandishi hakutosheka na habari za wakubwa waliotia saini mikataba. Ameeleza pia vibarua waliotandaza mataruma na wanavijiji waliopata riziki kandokando ya reli hiyo.

Ama kuhusu upatikanaji, Tanzania Bara huduma hii imo mikononi mwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, yenye Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam tarehe 9 Disemba 1967. Sheria inawataka wachapishaji wa nchini kuwasilisha nakala za vitabu vyao kwa Bodi hiyo. Vitabu vitatu vya mwanzo vimechapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, na hivyo vinaingia chini ya sheria hiyo. Zanzibar, kwa upande wake, ina Huduma za Maktaba zake yenyewe.

Msomaji wa Chapwa aweza kuielekea maktaba ya Mkoa wa Mbeya, umbali wa kiasi cha kilomita 100. Kabla ya kufunga safari inafaa aulize kwanza kama kitabu kipo. Atakapouliza, ataje jina kamili la kitabu, la mwandishi na mwaka, kwani anayeomba "kile kitabu cha Rais" humpa mkutubi kazi ya kubahatisha. Rafuni, vitabu vya historia ya Tanzania hupangwa kwenye namba 967.8, wasifu kwenye 920, na reli kwenye 385. Iwapo kitabu hakipo, msomaji aombe jina lake liandikwe katika maombi ya ununuzi. Kitabu kisichoulizwa na mtu huonekana hakina mhitaji, na fedha chache zilizopo huelekezwa kwingine.

Limebaki suala la lugha. Katika vinne hivyo, vitatu vimeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wa wale ambao habari zao zimo ndani hawataweza kuzisoma. Hapo ndipo penye kazi ya mtumishi aliyesoma. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza redio na kusomewa vijitabu vya Kiswahili chepesi, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Vikundi vile havikungoja kila mtu awe na kitabu chake, kwani nakala moja na msomaji mmoja vilitosha.

Kwa hiyo watumishi wanaombwa, kila mmoja mahali alipo, kujiandikisha katika maktaba iliyo karibu naye, kuazima kwa utaratibu, kurejesha kwa wakati, na kuwasimulia wenzao kwa Kiswahili yale waliyoyasoma. Wazee waliotandaza reli ile wanapungua mwaka hadi mwaka. Ni vyema habari zao zisomwe mbele yao wakingali hai, wapate kuongeza yaliyosahauliwa na kusahihisha yaliyokosewa.