Pedali Ifuate Mguu

Gitaa la stili lenye pedali hulazwa mbele ya mpigaji: mkono mmoja hudonoa, mwingine hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na mguu hukanyaga pedali inayouvuta uzi ungali ukilia, sauti ikapanda. Wapo wanaoamini kwamba kubadili pedali hizo ni kuliharibu gitaa, kwa kuwa mwanafunzi huhitaji mpangilio mmoja na gitaa lisilo la kawaida halipati mnunuzi. Hoja hiyo ina uzito, ila mpangilio wanaoutetea ulizaliwa na marekebisho. Mwaka 1954 Wamarekani walimsikia Bud Isaacs akikanyaga pedali katika wimbo "Slowly" wa Webb Pierce, sauti mbili zikipanda pamoja. Buddy Emmons na Jimmy Day wakaigawanya kazi hiyo kwa pedali mbili, kila mmoja akizipanga kwa mfuatano wake, na mifuatano yote miwili inatumika hadi leo.

Kutoka vilima vya Mbinga hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, ushahidi mwingine kwamba kubadili si kuharibu ni ngoma ya mganda. Iliiga bendi za kijeshi za wakoloni, lakini tarumbeta za shaba zikageuka vibuyu vyenye utando mwembamba unaotetema mtu anapoimba ndani yake. Hakuna anayeviita tarumbeta zilizoharibika. Kwenye gitaa nako, fundi mwangalifu huziacha zile pedali mbili za msingi kama zilivyo, kisha huongeza nyingine pembeni, na mwanafunzi hapotezi kitu.