Chakula cha Ng'ombe wa Maziwa Wakati wa Kiangazi

Mkulima wa Kilosa na Mikumi, wajua ya kuwa masika yakiisha mwezi wa Mei, malisho hukauka mpaka vuli. Ng'ombe hujaza tumbo, lakini majani makavu yamepungukiwa na vitamini na madini.

Majani mabichi yana karotini, ambayo mwilini hugeuka kuwa vitamini A. Ng'ombe huweka akiba yake katika ini, nayo hudumu miezi michache tu. Ikiisha, haoni vizuri jioni. Mwenye mimba huweza kuitoa, au kuzaa ndama dhaifu au kipofu.

Kila lita ya maziwa ina karibu gramu 1.2 za kalsiamu na gramu 1 ya fosforasi. Basi ng'ombe wa lita 8 hutoa karibu gramu 10 za kalsiamu kila siku. Asipoipata chakulani, huichukua katika mifupa yake mwenyewe. Shaba, kobalti na iodini hutakiwa kidogo sana, lakini ni lazima. Iodini ikikosekana, ndama huweza kuzaliwa na rovu.

Dalili za upungufu ni hizi: ng'ombe hula udongo na kutafuna mifupa, manyoya hayang'ai, maziwa hupungua, na joto la kupandwa huchelewa.

Fanya hivi:

1. Panda mabingobingo kandokando ya shamba, na viazi vitamu mahali penye unyevu, upate majani mabichi kiangazi.

2. Kata majani ya kunde yangali mabichi, uyakaushe kivulini. Yakibaki na rangi ya kijani, karotini ingalimo.

3. Pumba za mahindi zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Majani ya kunde yana kalsiamu. Mpe vyote viwili.

4. Weka jiwe la chumvi lenye madini mahali pasiponyesha, alilambe kila siku. Chumvi ya jikoni peke yake haitoshi. Usiwape kondoo jiwe la ng'ombe lenye shaba, litawadhuru.

5. Ndama anywe dang'a mara azaliwapo. Ndiyo akiba yake ya kwanza ya vitamini A.

Usimwache ng'ombe atafune mifupa porini: huweza kupata kimeta, au sumu ya kupoozesha na kuua. Tena minyoo na magonjwa mengine huleta dalili kama hizi. Uzionapo, mwite Bwana Mifugo mapema.

Panda majani masika, kiangazi hakingoji.