Dosari za Rangi Mpya ya Gari: Wakati wa Kusugua na Wakati wa Kupaka Upya

SONGEA – Mmiliki anapokabidhiwa gari lililopakwa rangi upya, hutarajia kuliona liking'ara kama kioo. Wakati mwingine hukuta mchirizi mlangoni, chembe za vumbi kwenye boneti au uso wenye mabonde madogo unaofanana na ganda la chungwa. Hapo ndipo mvutano kati yake na fundi huanza: je, dosari hiyo isuguliwe na kung'arishwa, au sehemu hiyo ipakwe upya?

Uamuzi usio sahihi una gharama. Kusugua dosari isiyoondoka kwa msasa huharibu hata rangi iliyokuwa nzuri, na kupaka upya mahali palipohitaji msasa pekee ni kupoteza muda na fedha.

Tabaka lenye dosari ndilo huamua

Rangi ya magari mengi ya sasa huwa na matabaka matatu juu ya bati: praima inayoshika bati, rangi yenyewe, na klia, yaani tabaka angavu la juu linaloleta mng'ao na kuikinga rangi dhidi ya jua na mvua. Klia iliyokauka huwa na unene wa takribani maikroni 40 hadi 60, na maikroni 1,000 ndizo hufanya milimita moja. Kwa hiyo, fundi ana nafasi ndogo sana ya kusugua kabla ya kuifikia rangi.

Kanuni inayofuata ni rahisi. Dosari iliyo ndani ya klia inaweza kuondolewa kwa msasa, lakini iliyo chini ya klia haiwezi.

Dosari zinazosugulika

Kundi hili linahusisha vumbi lililonasa juu, uso wa ganda la chungwa na michirizi midogo ya klia. Hatua ya kwanza ni kusubiri. Klia inayochanganywa na hadina, ikikaushwa kwa hewa ya kawaida yenye joto la nyuzi 20 hivi, kwa kawaida huhitaji saa 24 au zaidi kabla ya kusuguliwa, na maelekezo yaliyo kwenye kopo ndiyo ya kufuatwa. Mchirizi ni mnene kuliko sehemu nyingine, hivyo hukauka kwa kuchelewa. Ukisuguliwa ukiwa laini, huchanika na kuacha shimo.

Baada ya gari kuoshwa, kingo za bodi hufunikwa kwa utepe wa karatasi kwa sababu hapo rangi huwa nyembamba zaidi. Fundi hutumia msasa wa maji namba 1500 uliozungushiwa kipande bapa cha mpira au mbao, siyo vidole vitupu, ili mabonde yasiongezeke. Kwa mchirizi, husuguliwa ule mgongo ulioinuka tu hadi ulingane na uso wa jirani.

Eneo hukaushwa kila mara kwa kitambaa na kukaguliwa. Vidoa vinavyong'aa vinaonyesha mabonde yaliyosalia, na uso uliofifia kwa usawa unaonyesha kuwa kazi imetosha. Hufuata msasa namba 2000 na 3000, kisha kampaundi na polishi. Mashine ya kung'arishia isitulizwe mahali pamoja, kwani joto lake huweza kuunguza klia.

Dosari zinazohitaji kupakwa upya

Vijishimo vya duara vinavyoonyesha tabaka la chini husababishwa na mafuta au silikoni, ambayo hupatikana katika dawa nyingi za kung'arishia matairi na dashibodi. Vitundu vidogo kama vya sindano hutokea pale tabaka nene linapopulizwa kabla la awali halijapumua, hivyo mvuke wa thina hutoboa njia ya kutokea. Rangi iliyojikunja huashiria kuwa thina imeshambulia rangi ya zamani. Mabaka kwenye rangi yenye chembe za metali na rangi inayobanduka nazo hazina dawa ya polishi. Katika hali hizi, sehemu yote husuguliwa hadi kwenye tabaka imara, husafishwa na kupakwa tena.

Hali ya hewa ya Songea

Mji wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Katika msimu wa mvua, hewa yenye unyevu mwingi huweza kuganda juu ya rangi inayokauka haraka na kuacha ukungu mweupe. Mwezi Juni na Julai baridi huchelewesha ukaukaji, na katika kiangazi vumbi ndilo tatizo kuu. Kupuliza rangi mahali palipofunikwa, kumwagia sakafu maji na kuchagua thina inayolingana na joto la siku huzuia dosari nyingi kabla hazijatokea.

Afya ya fundi

Hadina nyingi za rangi hizi zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huweza kusababisha pumu ya kudumu. Kitambaa au barakoa ya vumbi haizuii kemikali hizo. Kinachofaa ni kifaa kinachomletea fundi hewa safi kutoka nje ya eneo la kupulizia. Mvuke wa thina nao hushika moto kwa urahisi, hivyo sigara na majiko havipaswi kuwa karibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kujikinga.

Wajibu wa mmiliki

Mmiliki anashauriwa kukagua gari mchana, likiwa safi na kavu, kabla ya kumaliza malipo. Makubaliano ya maandishi yanayotaja aina ya rangi, sehemu zitakazopakwa na nani atagharamia marekebisho hupunguza migogoro, na risiti ni ushahidi wa malipo. Aliyebadili rangi ya gari anapaswa pia kuhuisha taarifa zake TRA, kwa kuwa rangi imetajwa kwenye kadi ya usajili.

Gari likishatoka gereji, lioshwe kwa maji na sabuni laini bila mashine ya msukumo mkubwa katika wiki za mwanzo, na lisipakwe nta kabla ya siku 30 hivi ili mabaki ya thina yaendelee kutoka. Fundi anayeomba siku moja zaidi kabla ya kusugua apewe siku hiyo, kwani kazi ya kurudia humgharimu yeye na mteja wake pia.